Bi Kufuli na Kitufe cha Baadaye

Wanawake waliopita katika nyumba ile walimwita Bi Kufuli, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kiunoni alifunga utepe wenye funguo kumi na moja, na akitembea ukumbini alisikika kabla hajaonekana. Shoga yake wa tangu utotoni, mkunga mstaafu aliyeianzisha nyumba, alizoea kumtania: "Mbuzi wa kengele huyo anakuja. Ficheni majani." Naye alijibu kwamba mbuzi asiye na kengele huliwa na fisi, na fisi wa mji huu anavaa tai.

Alikuwa na miaka hamsini na nane. Thelathini kati ya hiyo aliimaliza katika ofisi ya ardhi akipiga chapa hati za viwanja, kwanza kwa mashine ya taipu iliyomla kucha, kisha kwa kompyuta. Aliweza kuchapa ukurasa mzima huku akijibizana na mtu dirishani, na asikosee hata nukta. Mumewe alifariki mapema, kwa ugonjwa wa siku tatu, akamwachia binti mmoja. Binti alikua, akasoma, akaolewa na fundi wa kompyuta, mtu mpole mwenye kibanda nyuma ya wauza viatu. Bi Kufuli alistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu yake alikuwa ameshachoka kuzitazama kuta zake mwenyewe. Mkunga alipomwambia, "Njoo unisaidie, mimi mikono yangu inajua watoto, haijui makaratasi," hakungoja kubembelezwa.

Mkunga, katika miaka yote ya kuzalisha, alikuwa ameona mengi kwenye miili ya wanawake ambayo hayakusababishwa na uzazi. Alipostaafu alitafuta nyumba yenye ukuta mrefu, akatia vitanda saba, akawapokea waliokimbia vipigo. Mlangoni hapakuwa na kibao. Majirani waliambiwa ni darasa la ushonaji, na ili uongo huo usife njaa, cherehani mbili ziliwekwa kwenye dirisha la mtaani, daima na mtu amekaa akishona chochote, hata pindo la pazia lilelile kwa mara ya nne.

Kazi ya Bi Kufuli ilikuwa mlango na kumbukumbu. Mgeni akifika, simu yake ilizimwa na kufungiwa kwenye kabati la bati. Kisha alipewa namba. "Humu ndani huna jina, mwanangu," alimwambia kila mmoja. "Jina lako limekwenda kupumzika." Jina halisi liliandikwa mahali pamoja tu, kwenye kompyuta iliyokaa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo: jina, majeraha, tarehe za mahakama, daktari, ndugu wanaomlea mtoto, na anakohamia akitoka. Nenosiri la kompyuta ile lilikuwa na herufi ishirini, nalo hakuliandika popote. Jioni aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akafunga stoo kwa kufuli mbili, akazivuta kuhakikisha.

Mwanamume pekee aliyeruhusiwa kuingia humo alikuwa mkwe wake, tena wageni wakiwa wamepandishwa juu. Siku moja alikuja kurekebisha printa, akakiona kisanduku chekundu kwenye kona ya kioo.

"Mama," alisema, akitazama sakafu kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe, "hii kinga ya virusi imeisha muda. Tangu mwaka jana."

"Hicho kisanduku? Nakijua. Kila asubuhi kinanisalimia, nami nakiitikia."

"Unakiitikiaje?"

"Nabonyeza *Baadaye*."

Mkwe alicheka kwa adabu. "Ingefaa niiweke upya leo, mama. Na flashi za watu wa nje zisichomekwe kabisa."

"Mwanangu, mara ya mwisho ulipoiwekea kinga mpya mashine ilitembea kama kinyonga mjamzito. Nina barua ya mahakama inatakiwa kabla ya saa sita. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alikuja, akakuta mgeni mpya analia ukumbini, akageuza. Ile nyingine alipiga simu, akaambiwa mambo ni mengi. Baada ya hapo hakusema tena. Mtu hamfokei mama mkwe. Angekuwa mteja mwingine angeichukua mashine kwa nguvu akairudisha ikiwa safi, lakini huyu alikuwa mzazi wa mkewe, akamwachia heshima yake. Kanuni ya flashi, hata hivyo, Bi Kufuli aliichapa kwa herufi kubwa akaibandika ukutani. Kitufe aliendelea kukibonyeza, asubuhi baada ya asubuhi, miezi kumi na minne.

Namba Kumi na Saba aliletwa na muuguzi mchana wa mvua, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa mshonaji, mshonaji hasa, wa nguo za harusi, na vidole viwili vya mkono ule vilikuwa vimevunjwa kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mumewe alikuwa mtu wa ofisini mwenye sauti laini. Hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Alikuwa ananiambia nilichozungumza na dada yangu, mama," alimsimulia Bi Kufuli. "Neno kwa neno. Nikihamisha kitu nyumbani anajua. Nilidhani ni mchawi."

"Si mchawi huyo, ni simu yako," alisema Bi Kufuli, maana kisa hicho alikuwa amekisikia kwa wengine. Waliitoa laini, simu ikavunjwavunjwa kwa nyundo ya jikoni, na Namba Kumi na Saba akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Haya, uchawi wake umebaki naye," Bi Kufuli akamaliza. Hakuuliza kama kulikuwa na kingine kilichotoka nyumba ile.

Kilikuwapo. Kwenye pindo la gauni mshonaji alikuwa ameshonea flashi ndogo kama ukucha.

Alimtolea Bi Kufuli wiki ya tatu. Kwa siku nyingi alikuwa hali, anasukumasukuma chakula pembeni mwa sahani. Binti yake wa miaka sita alikuwa kwa dada mtu, mji mwingine, na kumpigia ilikuwa hatari. "Ina picha zake," alisema, akiinyoosha flashi kwenye kiganja. "Nilizitoa kwenye kompyuta ya nyumbani siku niliyokimbia. Moja tu, mama. Unichapie moja. Ana kovu kidoleni na nimeanza kusahau ni kidole kipi."

Bi Kufuli aliitazama kanuni ukutani. Aliiandika yeye. Akamtazama na yule mama aliyesahau kidole cha mwanawe. Basi akaichukua flashi, akaichomeka.

Picha ya kwanza alipoibonyeza, dirisha jeusi liliruka kwenye kioo mara moja, likapotea kama popo aliyepita mbele ya taa. Hakuna kilichofunguka. Akabonyeza tena. Safari hii mtoto akatokea, amesimama mbele ya geti la shule, sweta limefungwa vifungo upande upande.

"Nani kamfunga vifungo hivi jamani!" mshonaji alisema, akacheka mpaka akaegemea mlango. Kovu lilikuwa kwenye kidole cha shahada. Siku hiyo alikula sahani mbili. Naye Bi Kufuli akaenda kwake akiwa ameridhika, na mtu angemuuliza angesema kwamba mwaka ule mzima hakutenda jambo jema kupita lile.

Zikapita siku thelathini na nane. Kompyuta ilizidi uzito, herufi zikawa zinachelewa nyuma ya vidole, naye akaisemesha: "Mimi na wewe, shoga, tumezeeka." Kitaa kidogo cha kijani juu ya kioo kilikuwa kinawaka na kuzima. Alidhani ni umeme.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, barua pepe iliingia kwenye anwani ya nyumba, anwani iliyojulikana na mahakama, daktari na nyumba mbili nyingine kama yao. Ilikuwa fupi na yenye adabu.

*Habari za asubuhi. Naomba mumkumbushe Namba Kumi na Saba kwamba keshokutwa, saa tatu, ana miadi ya mkono kwa daktari wa mifupa. Huwa anasahau. Ni mimi mume wake.*

Bi Kufuli aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akamwita Mkunga kwa kutikisa funguo.

Mkunga alisoma, akamshika begani, akamtoa nje uani kabla ya kusema neno. "Hicho kitu kinatusikia," alinong'ona. "Mpigie mkweo. Kapige simu dukani."

Mkwe alifika baada ya nusu saa. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yule, hakumsalimia mama mkwe wake. Alipita moja kwa moja, akachomoa waya wa intaneti, akaziba kamera kwa plasta ya kidonda, ndipo akakaa. Bi Kufuli alisimama nyuma yake akiwa ameshika kile kitambaa alichofuma.

"Kuna flashi iliingia," mkwe alisema hatimaye. "Mwezi uliopita, tarehe tisa."

"Iliingia."

"Ni programu ya kijasusi, mama. Kompyuta ya nyumbani kwao mume huyo alikuwa ameipandikiza, na yenyewe inajinakili kwenye kila flashi inayochomekwa, inajifanya picha. Ukiibonyeza imeingia. Inapiga picha kioo. Inaandika kila herufi unayobonyeza. Inasikiliza humu chumbani. Kisha inamtumia mwenyewe."

"Nenosiri langu..."

"Umempa mwenyewe, kila asubuhi."

"Na lile faili?"

Mkwe aligeuza kioo akamwonyesha orodha ya vilivyotumwa, na faili lilikuwamo, mara tatu. Wanawake wote saba. Watoto, ndugu, madaktari, mitaa. Pamoja na waliokwisha kuondoka miaka ya nyuma na kuanza maisha.

"Ile kinga," Bi Kufuli aliuliza, "ingeizuia?"

"Mama, sasa hivi tuangalie..."

"Nimekuuliza."

"Hii si ya kigeni," alisema mkwe taratibu. "Inauzwa wazi, wananunua waume wenye wivu. Kinga yoyote iliyo hai ingeikamata kabla haijafumbua jicho." Kisha akainua uso akamtazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, macho yamejaa maji. "Ungekuwa mama yangu wa kunizaa ningekufokea mwaka jana. Ningekufokea mpaka majirani waje. Nilikuonea haya."

Nyumba ilibidi ihamwe siku hiyohiyo. Kufikia saa tisa alasiri wanawake walikuwa wakiondoka wawiliwawili, wengine kwa gari la parokia, wengine kwa teksi ya binamu yake Mkunga, vitu vyao kwenye mifuko ya nailoni. Bi Kufuli alisimama kwenye kabati la bati akirudisha simu. Alikuwa amewaambia ukweli wote ukumbini, akiwa wima, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Wengi walipokea simu wakatoka. Namba Tisa, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alipofika zamu yake alisema, "Sisi tulikuvulia nguo, Bi Kufuli. Tulikuvulia nguo ukatuacha dirishani." Akapita.

Mshonaji alibaki wa mwisho. Hakulia wala kulaumu. "Ni flashi yangu, mama," alisema.

"Ni mkono wangu, mwanangu. Wewe uliomba, mimi ndiye niliyejua haifai."

"Kule mnakonipeleka kuna kompyuta?"

Mkunga alidakia, "Ipo, lakini hatutaandika chochote. Nakuapia."

"Mtaandika, mama. Daktari ataandika. Mahakama itaandika. Mahali fulani nitaandikwa tu." Aliyasema kwa utulivu, kama anayepima kitambaa.

Bado walikuwa wanabishana naye pale dada yake alipopiga simu ya Mkunga. Alikuwa akipiga kelele, ikabidi waiweke mbali na sikio. Mume alikuwa amefika shuleni mchana, na kitambulisho, na mfuko wa pipi. Mwalimu alimuuliza mtoto, "Huyu ni nani?" Mtoto akasema ni baba. Ameondoka naye. Mji, mtaa, jina la shule, hata saa ya kutoka darasa la kwanza, vyote vilikuwamo kwenye faili.

Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani, akatandika kitanda chake vizuri, akarudi na mfuko.

"Kuna wakili," alisema Mkunga. "Kuna mahakama. Tarehe ishirini na mbili hakimu..."

"Tarehe ishirini na mbili. Na leo mwanangu analala wapi?"

Bi Kufuli alisogea, akajiweka kati ya yule mwanamke na geti. "Sifungui," alisema. "Nakufungia humu mpaka akili ikurudi. Atakuua huyo."

"Utakuwa kama yeye, mama," mshonaji alimjibu, bila hasira.

Funguo zile kumi na moja, alizokuwa akizijua kwa kidole tu hata gizani, siku hiyo alizichanganya. Alijaribu tatu ndipo geti likafunguka. Mshonaji alimshika mkono kwa ule wake mzima, akaubana kidogo, akatoka. Alitembea upande wa jua, mkono wa plasta kifuani, hadi kwenye kona. Huko hakugeuka.

Kituo cha polisi walikwenda wote wawili, Bi Kufuli na Mkunga, asubuhi iliyofuata. Askari wa zamu alikuwa msikivu, hata kalamu aliishika. "Nisaidieni hapa," alisema. "Baba kamchukua mwanawe shuleni. Mke karudi kwa mumewe kwa miguu yake. Niandike kosa gani?"

"Ametupeleleza," alisema Bi Kufuli. "Ametuingilia kompyuta."

"Kompyuta imeingia virusi." Askari akatabasamu kwa huruma, akaigonga ya mezani kwake. "Mama yangu, hata hii ina virusi. Unaona tunaandika kwa kalamu."

Mkunga alijaribu kufungua tena mahali pengine. Lakini habari hizo zina miguu. Hospitali zikaacha kumletea watu, na nyumba zile mbili zikabadilisha anwani bila kumpa mpya. Cherehani zilipotolewa, jirani aliuliza kama darasa limekufa. Mkunga akasema ndiyo, wanafunzi wamekosekana. Hakumlaumu shoga yake hata siku moja. Aliacha tu kumtania, na Bi Kufuli alitamani afadhali angelaumiwa, maana utani wa miaka hamsini ukikatika, ukimya wake unauma kuliko tusi. Wakawa wanaonana misibani.

Kati ya wale sita wengine, habari za watatu zilijulikana. Mmoja alivuka mpaka. Mmoja alihamahama miezi mitatu, akarudi kwa wazazi. Namba Tisa alifuatwa kwa kaka yake, kwenye mtaa uliokuwa umeandikwa mstari wa nane wa faili, na kilichompata hapo Bi Kufuli alikisoma gazetini, habari ya aya mbili bila jina. Alimtambua kwa umri wa mtoto.

Bi Kufuli alihamia kwa binti yake. Mkwe alimpa chumba kizuri chenye dirisha kubwa, naye akaomba televisheni itolewe. Mkwe akasema haina kamera. Naye akasema haidhuru, itolewe. Kibandani mkwe sasa alikuwa mkali kwa wateja mpaka wengine wakamhama. Aliyekuja kinga yake imeisha hakuondoka na mashine. Nyumbani alirudia kutazama sakafu.

Ilikuwa mwezi wa nane tangu siku ile, alipokwenda hospitali kuchukua dawa yake. Kwenye foleni ya dirisha la dawa, watu watatu mbele, alimwona mshonaji. Plasta ilikuwa imetoka. Vidole viwili vilibaki vimepinda, haviwezi tena kushika sindano. Alikuwa amevaa vizuri, amenenepa kidogo, na pembeni yake alisimama mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, ameshika mkono wa mtoto wa kike.

Macho yao yalikutana. Bi Kufuli alifungua mdomo.

"Shikamoo, mama," mshonaji alimuwahi, kama mtu anayemsalimia mzee yeyote wa njiani.

"Marahaba, mwanangu."

"Mnafahamiana?" mume aliuliza kwa ile sauti laini.

"Hapana," mshonaji alisema. "Nilimfananisha."

Mume alitikisa kichwa akitabasamu. Alichukua dawa dirishani, akashukuru, akawatanguliza mkewe na mtoto. Alipofika sambamba na Bi Kufuli alisimama, akainama kidogo kwa heshima.

"Pole na jicho la kushoto, mama," alisema. "Presha ya jicho si ya kuchezea. Usiache yale matone."

Habari za jicho lile alikuwa amemwambia binti yake peke yake, kwa simu, ndani ya stoo, mlango umefungwa.

Wakaondoka, mtoto akirukaruka katikati yao. Foleni ilisogea. Mtu wa nyuma alimgusa bega, "Mama, zamu yako," akamgusa tena. Bi Kufuli alitoka kwenye mstari, akapita mlango wa nje, akatembea hadi nyumbani kwa miguu. Binti yake alipouliza dawa iko wapi, alisema foleni ilikuwa ndefu.